Kadi ya Baba Mkwe

SEHEMU YA TISA

Kila asubuhi Kisa huchemsha maji ya kuoga ya baba mkwe wake. Huyabeba hadi nyuma ya bafu la matete, huyatua chini, hugonga ndoo kwa kata, kisha huondoka mbio kabla mzee hajatokeza. Hamwoni, wala haonwi. Mjini Kyela wake wengi wameshauacha mwiko huu wa mkwe, lakini Makwale, nyumbani kwa Mzee Yakobo, bado unashikwa kama amri ya kanisa.

Wiki iliyopita tulimwacha pale pale, kata mkononi. Alikuwa amegonga. Badala ya kikohozi cha mzee, pazia la gunia lilivutwa, akatoka Nelson, kaka mkubwa wa mumewe. Shati limelowa damu. Panga mkononi.

"Ugonile, shemeji," alisalimia, kama mtu aliyekuja kunywa chai ya asubuhi.

Kisa hakuitikia salamu. Alilitazama shati.

"Damu ya nani hiyo?"

"Ya mumeo. Usipige kelele. Bado anapumua."

"Mwongo! Anyelwisye ametoka asubuhi hii na begi lake. Anakwenda Songwe kupanda ndege."

"Ametoka, ndiyo. Hajafika mbali." Nelson alifuta panga kwenye suruali. "Nipe kadi ya Baba na simu yake, nikuambie nimemweka wapi. Ukichelewa, utamkuta amepoa."

Kwa wewe uliyeungana nasi leo, kadi anayoitaka Nelson ni ya safari. Mzee Yakobo ana shamba la kakao hapa Makwale na nyumba ya wageni kule Matema, ufukweni. Kila kinachonunuliwa kwa kadi hiyo, mafuta ya jenereta, soda za wageni, magodoro, huzaa pointi, na pointi hugeuka tiketi za ndege. Kwa heshima hiyo benki hukata ada kila mwaka. Na ada yenyewe ni bei ya gunia la mchele wa Kyela. Gunia zima!

Ada hiyo iliigawa nyumba.

"Tunalipia viti vya kupumzikia uwanja wa ndege," Nelson alikuwa akicheka wakati wa kula, "na hapa nyumbani tunakalia vigoda. Kadi ya ndege kwa watu wa baiskeli! Ifungwe."

"Anayezitumia pointi zake hupata zaidi ya gunia," Anyelwisye alikuwa akimjibu. "Shida ni kwamba hatuzitumii."

Kisa naye, ambaye jina lake limeandikwa la pili kwenye akaunti, alikuwa na lake. Kwa kuwa hasemi na mzee uso kwa uso, alilipitisha kwa mama mkwe: "Mwambieni Baba, kadi hii ina kinga ya dharura. Mwenye kadi au mwanawe akiumia safarini, wanatuma hata helikopta. Hilo peke yake linatosha ada."

Mzee Yakobo aliugeukia ukuta akajibu kwa sauti, ili asikike hadi jikoni: "Mwambieni aliye jikoni kwamba sijawahi kuumia safarini. Kadi ifungwe. Sitaki kuisikia tena."

Wote walishangaa. Mzee si bahili. Lakini kwa kadi hiyo alikuwa mkali kama aliyetukanwa.

Halafu juzi Anyelwisye alitaka kumkatia mama yake tiketi ya kwenda kutibiwa macho. Akakuta pointi karibu zote zimeliwa. Aliyezila? Nelson! Yule yule aliyelia kuliko wote kwamba kadi haina faida. Dar es Salaam, Zanzibar, tena viti viwili viwili, na mkewe hajawahi kuvuka Tukuyu.

Leo Anyelwisye alikuwa anakwenda Dar es Salaam kuwaona watu wa makao makuu ya benki ana kwa ana. Nelson alimsubiri njiani.

Sasa turudi kwenye ndoo.

"Kadi iko chumbani kwetu," Kisa alisema. "Simu ya Baba aliyoniachia Anyelwisye ninayo hapa, kwenye pindo la kanga."

"Lete simu kwanza. Namba ya siri huwa inaingia humo. Kwa kadi hiyo nitakata tiketi ya kufika mbali."

"Sawa. Ngoja nisogeze maji, yasikumwagikie."

Aliinama akaishika ndoo. Maji yalikuwa yametoka jikoni moja kwa moja. Mzee hupenda kuyachanganya na ya baridi mwenyewe.

Akayarusha yote usoni mwa Nelson.

Nelson alilia kama nguruwe anayechinjwa. Panga lilianguka. Alijishika uso, na ngozi ya shavu ikamfuata vidole. Kisa akaliokota panga, akalinyanyua kwa mikono miwili.

Shingo ya Nelson ilikuwa pale, imeinama, wazi.

Mikono ikakataa.

"Kata!" Nelson alifoka, jicho moja limefumba. "Kata basi! Huwezi. Wewe hata kuku wa Krismasi ulimwomba samahani!"

Alimpiga teke la tumbo. Kisa alirushwa nyuma akaangukia jiwe la kufulia, pumzi ikamkata. Alipofumbua macho panga lilikuwa limerudi kwa mwenyewe, na Nelson amemkamata nywele. Akamburuta hadi ndani ya bafu la matete.

Humo ndimo alimokuwa Mzee Yakobo. Amefungwa kwenye nguzo kwa kamba ya kuanikia nguo. Taulo limesokomezwa mdomoni. Ndevu nyeupe zimekuwa nyekundu, na kwenye jiwe la kuogea kulikuwa na meno yake mawili.

Na hapa Kisa alifanya kosa ambalo mtu wa mkoa mwingine asingelifanya.

Aligeuza uso.

Naam, mbele ya panga! Mume wake anakufa, naye alivuta kanga akajifunika macho, kwa sababu baba mkwe alikuwa amevaa shuka ya kuogea na yeye ni mkwe. Mzee alikuwa akiguna, anatingisha kichwa, anapiga kisigino chini. Kisa aliangalia udongo.

Nelson alicheka mpaka damu ikamtoka kwenye mdomo uliobabuka.

"Mwone! Mzee aliniona nikimburuta mumeo. Anajua nilipomweka. Mwulize! Mwangalie basi machoni umwulize!" Alimsukuma. "Hamna. Mtakufa na adabu zenu. Twende chumbani, nataka kadi."

Mzee aliguna tena. Safari hii haikuwa sauti ya maumivu. Ilikuwa ya mtu anayeomba.

Kisa aliishusha kanga.

Tangu aolewe hakuwahi kuuona uso ule kwa karibu. Ulikuwa uso wa Anyelwisye, umezeeka, umepigwa. Jicho moja limevimba likafunga. Lile lililobaki lilimtazama, kisha likaenda upande, juu ya ukuta wa matete, na kurudi. Likaenda tena, likarudi.

Upande ule kulikuwa na banda la kakao.

Kisa aligeuka akaung'ata mkono uliomshika nywele mpaka meno yakagusa mfupa. Nelson akaachia. Kisa akatoka nje na kupiga yowe, lile yowe la wanawake wa Makwale ambalo likianza kwenye migomba ya nyumba moja hudakwa na ya pili, mpaka likafika barabarani.

"Anaua! Jamani, Nelson anaua!"

Bapa la panga lilimpata mgongoni. Alianguka kifudifudi. Alisubiri ukali wa panga ufuate. Haukufuata. Majirani walikuwa wameshaanza kuitikia, na miguu ya Nelson ilisikika ikikimbilia pikipiki.

"Huyo! Anakwenda njia ya Kyela!"

"Mzuieni mbele, kwenye daraja!"

Wanaume wenye fimbo, mundu na mawe walipita wakimfuata. Kisa hakuwaangalia. Alitambaa, akainuka, akakimbilia bandani.

Unalijua banda la kakao? Ndani kuna masanduku ya mbao, makubwa, ambamo kakao mbichi huvundikwa kwa siku kadhaa ikiwa imefunikwa majani ya mgomba. Humo huwa na joto kali, na harufu yake ni kama ya siki. Asubuhi ile masanduku yote yalikuwa yamefunikwa vizuri. Moja tu majani yake yalikuwa yamewekwa ovyo, na kamba ya begi ilikuwa ikining'inia ukingoni.

"Anye!"

Alirusha majani. Alichota kakao kwa mikono, utelezi na damu vimechanganyika. Kwanza ulitokea mkono. Halafu bega. Halafu uso wa mumewe, mdomo umejaa utomvu mweupe wa kakao.

Mume wake amefukiwa kama mbegu, akiwa hai!

"Anye, nisikie. Ni mimi."

Anyelwisye alitema, akavuta pumzi. Kifuani pakatoa mlio, kama mtu anayenyonya maji kwa mrija. Chini ya chuchu ya kulia palikuwa na mdomo wa pili, mwekundu, unaofunguka kila akivuta hewa.

"Usivute nguo hapo!"

Aliyepaaza sauti alikuwa Mzee Hezroni, jirani, mganga mstaafu wa zahanati. Alikuwa amemfungua Mzee Yakobo na kumshika kwapani, sasa akamkalisha kwenye gunia na kupiga magoti kando ya Anyelwisye.

"Nipe mfuko wa nailoni. Wowote! Huo wa sukari." Alizungusha macho. "Na gundi ya kufungia maboksi. Haraka, mwanangu."

Kisa alileta. Mzee Hezroni alibandika nailoni juu ya jeraha, akaacha upande mmoja wazi. Mlio ukapungua.

"Panga limeingia kwenye pafu," alisema kwa sauti ya chini. "Hospitali ya hapa watamshikilia tu. Wa kupasua kifua yuko Mbeya."

"Tutafute gari."

"Gari lipi, mwanangu? Kupanda Tukuyu na zile kona, na anavyotoa damu hivi? Hatafika Uyole."

Kisa alimtazama mumewe. Midomo ilikuwa inageuka rangi ya majivu.

"Begi," alisema ghafla. "Alikuwa na begi. Alikuwa safarini!"

Alikimbilia chumbani, akaichomoa kadi kutoka chini ya godoro, akarudi. Nyuma ya kadi palikuwa na namba ya simu ya dharura. Alibonyeza kwa vidole vilivyoteleza, akaweka spika ili wote wasikie.

"Karibu huduma za kadi, unaongea na Catheline. Nikusaidie nini?"

"Nina mgonjwa! Mtoto wa mwenye kadi. Amekatwa panga kifuani. Alikuwa anasafiri leo, tiketi imekatwa kwa kadi hii. Tunaomba helikopta."

"Pole sana, dada. Mko wapi?"

"Makwale. Kyela."

"Kuna uwanja wa helikopta kushuka?"

"Upo wa mpira, shuleni!" Mzee Hezroni aliropoka. "Mbuzi nitawatoa mwenyewe!"

"Sawa. Naona tiketi hapa, ni ya leo mchana. Je, msafiri alikuwa ameshatoka nyumbani? Kinga huanza akivuka mlango wake."

"Ametoka. Alitoka akaniaga. Nilimwona akivuka ua."

"Vizuri. Sasa nahitaji kuhakiki. Naomba mwenye kadi mwenyewe ataje majina yake matatu."

Kisa alimpelekea mzee simu, uso ameugeuzia pembeni, mkono umenyooka kama anayelisha simba. Mzee Yakobo alifungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa povu la damu na sauti isiyo na umbo.

"Sikusikia. Tafadhali rudia."

Mzee alijaribu tena. Mdomo ulikuwa umevimba kama ndizi mbivu iliyokanyagwa.

"Samahani, siwezi kuipokea hiyo," Catheline alisema. "Lakini naona kuna mtu wa pili kwenye akaunti. Kisa, mke wa mtoto wake. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi taja wewe majina ya mwenye kadi. Matatu."

Kisa alivuta kanga hadi puani.

Kuku alipita bandani akidonoa kakao iliyomwagika.

"Dada Kisa?"

"Ni... ni Baba," Kisa alisema.

"Najua ni baba. Majina yake."

"Mwenye nyumba hii. Babu wa watoto nitakaozaa."

"Dada, unanichezea? Si umesema mgonjwa anakufa?"

Nisikilize kabla hujamhukumu. Mwanamke aliyelelewa kwa mwiko huo halitamki jina la baba mkwe wake, hata kwa bahati mbaya. Kanisani ikisomwa habari ya Yakobo wa kwenye Biblia, Kisa husema moyoni "yule pacha wa Esau" na kuendelea. Mama yake alimfundisha hivyo usiku wa kuamkia harusi, na bibi yake alimfundisha mama yake. Kulitamka jina hilo mbele ya mwenyewe ni sawa na kumvua nguo barabarani.

"Yakobo!" Mzee Hezroni alipiga kelele kwenye simu. "Ni Yakobo, nani asiyemjua? Andika!"

"Samahani mzee wangu, sauti yako haimo kwenye akaunti. Lazima awe yeye."

"Sasa huyu ni mkwe! Kwenu mkwe anamtaja baba mkwe?"

"Mzee, mimi natoka Bukoba, heshima naijua. Lakini hizi simu zinarekodiwa. Bila jina siwezi kuendelea."

Chini, Anyelwisye alikohoa. Nailoni ikajaa wekundu. Mkono wake ulipapasa hewani, ukamkosa Kisa, ukaanguka.

Kisa alimgeukia baba mkwe wake.

Naye mzee alifanya jambo moja. Alifumba lile jicho lake zima, akainamisha kichwa, ili asimwone akisema.

"Yakobo," Kisa alisema. Machozi yalimtiririka. "Yakobo Asajile Mwaipaja."

"Asante. Nimehakiki." Vidole vya Catheline vilisikika vikibonyeza. "Helikopta ipo Mbeya, rubani yuko tayari. Ikiondoka sasa haitachukua muda kufika. Subiri kidogo..."

Wakasubiri. Mzee Hezroni alikuwa ameshashika mpigo wa damu shingoni mwa mgonjwa, midomo yake inatembea kama anayesali.

"Dada Kisa, kuna tatizo."

"Tatizo gani?"

"Ada ya mwaka haijalipwa. Kinga imesimama."

"Ikate sasa! Ikate kwenye kadi!"

"Ningeikata. Lakini mwenye kadi alifika tawini kwetu Kyela mwezi uliopita, mwenyewe, akaacha maagizo kwamba ada isikatwe na kadi ifungwe leo. Agizo lake siwezi kulitengua kwa sauti yako. Jina umeshalihakiki, linatosha. Sasa nahitaji kibali chake yeye. Aniambie tu kwamba ada ikatwe. Hata kwa maneno mawili, ila yasikike."

Kisa aligeuka. Alimtazama mzee, sasa bila kujifunika, na ndani ya macho yake kulikuwa na swali ambalo mkwe hatakiwi kumwuliza mkwe.

Gunia moja la mchele, Baba? Kwa gunia moja?

Mzee Yakobo alitazama chini.

Wakati huo Mzee Hezroni aliinua pua.

"Nani ana petroli hapa?"

"Mimi."

Nelson alisimama mlangoni mwa banda.

Pikipiki alikuwa ameitupa darajani. Wanaume wote wa Makwale walikuwa huko wakipekua matete, na yeye amerudi kwa kupita kwenye migomba. Nusu ya uso wake ilikuwa nyama tupu. Mkono wa kushoto ulishika dumu la petroli, wa kulia panga.

Mzee Hezroni aliinuka na jembe. Hakupiga hata hatua mbili. Panga lilimwingia pajani, akaenda chini akishika mguu, damu ikimpita kati ya vidole.

"Kaa hapo, mganga. Jitibu." Nelson aliinamisha dumu. Petroli ikamwagikia magunia makavu, masanduku, sakafu, viatu vya Anyelwisye. "Kisa, kata hiyo simu uniletee. Na kadi. Nikifika Songwe wote mtakuwa mmenisahau."

"Halo?" Catheline alisema. "Kuna nini huko? Dada?"

"Usikate," Kisa alimjibu. Aliibana simu kifuani pake na kumlalia mumewe, mgongo ameuelekeza kwa panga. "Dada Catheline, tafadhali usikate."

"Nimesema lete!"

"Njoo uichukue. Utanikata mimi kwanza."

"Leo umekuwa jasiri? Haya." Nelson alitia panga kwapani, akatoa kiberiti mfukoni. Vidole vilivyoungua havikushika vizuri. Njiti ya kwanza ilivunjika. Ya pili ikawaka. Aliishika juu, mbali na petroli, akimtazama baba yake.

"Baba, waambie hawa. Wewe si ndiye uliyesema? Mbele ya wote, wakati wa kula. Kadi haina maana, ifungwe. Leo imepata maana? Waambie wanipe takataka yako niondoke, hakuna mtu atakayeungua."

Mzee Yakobo alishika ukingo wa sanduku la kakao. Aliinuka polepole, shuka ya kuogea imeshikamana na magoti kwa damu. Alitembea juu ya petroli, akapita mbele ya Nelson na njiti yake inayowaka bila kumtazama, akaenda kuinama juu ya mkwe wake. Alikuwa karibu naye kiasi ambacho hajawahi kuwa tangu harusi.

Alitema damu. Alijipangusa mdomo kwa kiganja, akaulazimisha ufunguke.

"Kisa."

Jina lake! Hakuwahi kulisikia katika sauti ile.

"Abee, Baba."

"Nielekezee simu."

Kisa aliinua simu. Njiti ilikuwa imefika katikati, na Nelson hakuitupa wala hakuizima. Alikuwa amesimama mdomo wazi, kama mtoto aliyefumaniwa.

"Sikuogopa ada," Mzee Yakobo alisema. Kila neno lilitoka na damu yake, taratibu, lakini lilisikika. "Gunia la mchele ni nini? Nilijua kwa muda mrefu kwamba Nelson ananiibia. Nilitaka kadi ifungwe ili nisije nikalazimika kusema kwa mdomo wangu. Binti wa benki, unanisikia? Ada ikatwe. Na andika, mwizi ni mwanangu wa kwanza, na aliyemkata mdogo wake ni yeye."

Itaendelea wiki ijayo.